Kidonda cha Mwalimu

Kijiji cha Kamisawa
3 Oktoba 1989

Nagumo,

Barua yako nimeipata. Mistari minne ya majani ya vuli kabla ya kufika kwenye shida yako! Nilikufundisha kufungua tumbo kwa mkato mmoja, lakini kalamu bado unaizungusha kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua. Unachotaka ni kwamba mwakani idara yetu ya upasuaji inatimiza miaka sitini, na mimi, mkuu wake wa tatu, niandike historia yake kabla sijasahau kila kitu. Ungesema hivyo tu, bwana.

Nimekubali. Nitaanza na Wakui, aliyeanzisha idara hapo hospitalini Kitamori na vitanda sita na jiko la mkaa la kuchemshia visu. Kisha mwalimu wangu Igarashi. Kisha mimi, ila huyo nitamsifu kidogo tu. Wewe wa nne ukisubiri picha yako itundikwe ukutani, wataandika wengine. Lakini usinikimbize. Kwanza nivune matufaha yangu, na nitamaliza mwakani yakichanua tena.

Jambo jingine nimelisikia kwa watu, na ningependa kulisikia kwako. Eti vijana wako wanataka kuifuta Kanuni. Mgonjwa wa saratani haambiwi. Anaambiwa ana kidonda, na ukweli wanapewa jamaa zake. Wakui aliiweka, Igarashi akailinda, mimi nikainoa. Hakuna mtu aliyekufa mikononi mwangu akiwa na hofu. Hao vijana waliosoma ng'ambo miezi michache wasituletee ujuaji. Uwaambie nimesema hivyo.

Na yale majibu ya kamera mliyonishushia kooni mwezi uliopita yako wapi? Fumi ananipikia uji kama mtoto anayeota meno. Niambie ni nini, nirudi kwenye figili zangu za chumvi.

Kuramochi

*

Kamisawa
9 Oktoba 1989

Mwanangu Nagumo,

Asante kwa kupiga simu wakati mzee yuko juu ya ngazi na matufaha yake. Ulipotamka lile neno nilikuwa namwona dirishani. Ulipofikia kusema kwamba saratani yenyewe imekwenda mbali, alikuwa anaingia na kikapu, ndiyo maana nilikujibu "ndiyo, ndiyo, asante sana" kama mtu anayeagiza mchele dukani. Aliniuliza ni nani. Nikasema ni dada yangu.

Ninachokuomba unakijua. Usimwambie. Wewe, mwanafunzi wake, umemwona akiwa na joho jeupe na kundi la madaktari nyuma yake. Mimi, mkewe, namjua yule anayefumba macho akichomwa sindano ya mafua. Akijua, atakufa kabla hajafa. Na Kanuni ni yake mwenyewe. Amewahurumia nayo watu wa watu miaka yote, basi na yeye ahurumiwe.

Mimi nitajikaza. Nikizidiwa naingia bafuni, nafungulia maji.

Mama yako,
Fumi

*

Hospitali ya Kitamori, Idara ya Upasuaji
14 Oktoba 1989

Mwalimu wangu, shikamoo.

Sizunguki. Majibu yametoka. Ni kidonda sugu cha tumbo, cha aina inayohitaji subira. Naona ni vyema tukipasue mwezi ujao, na nitakupasua kwa mkono wangu mwenyewe, ukiniruhusu.

Kuhusu Kanuni, ni kweli vijana wanasema. Msemaji wao ni Daktari Arisaka, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo usiotulia. Nimewaambia tutalizungumza.

Kuhusu historia, je, ingewezekana kuimaliza kabla ya mwaka huu kwisha? Mtu wa kiwanda cha chapa ana haraka kidogo.

Mwanafunzi wako,
Nagumo Shunpei

*

Kamisawa
20 Oktoba 1989

Nagumo,

Kidonda sugu, cha aina inayohitaji subira. Sawa. Nitakuja na nguo zangu za kulalia, nanyi mtafute wembe usio butu.

Huyo mtu wa chapa amebadilika sana. Kitabu cha miaka hamsini alikikalia misimu miwili na tukamwendea na pombe ya mchele ndipo akakitoa.

Kwa kuwa ana haraka, nimemruka Wakui nikaanza na Igarashi. Soma uniambie kama vijana wako wataelewa:

"Mkuu wa pili ndiye aliyeona kwamba mgonjwa akizinduka hutazama saa ya ukutani kabla hajautazama uso wa mkewe. Akiona amekaa chumba cha upasuaji muda mfupi, anajua alifunguliwa akafungwa, hapakuwa na la kufanya. Kwa hiyo Igarashi aliamuru kwamba mgonjwa wa namna hiyo asitolewe. Alishonwa, kisha daktari na wauguzi walikaa naye mle ndani, mikono mapajani, mpaka saa iseme uongo unaofaa. Na akifa, alitolewa kwa mlango wa nyuma, wa dobi, madaktari wakipanga mstari na kumwinamia hadi gari lipotee, ili wodini asijue mtu.

"Mwaka 1961 Igarashi mwenyewe aliugua. Aliyempasua ni mimi. Nilifungua, nikaona, nikafunga. Tukakaa naye. Alipozinduka alitazama saa, akatabasamu, akaniambia: 'Mmefanya kazi ndefu.' Aliishi mpaka theluji ilipoyeyuka, akiamini ana kidonda, na hakuniuliza hata mara moja."

Hiyo ndiyo kazi yangu bora kuliko zote, Nagumo, na hakukuwa na kisu ndani yake. Waambie wenye midomo.

Kuramochi

*

Hospitali ya Kitamori
17 Novemba 1989

Mama,

Pale ukumbini nilikwambia kwa kifupi kwa sababu wauguzi walikuwa wanapita. Sasa nakuandikia vizuri.

Tulifungua. Saratani imeshika tumbo lote la chakula na imeingia kwenye ini. Nilitia mkono nikapapasa kila pembe nikitafuta mahali pa kuanzia, nikakosa. Nikafunga. Nadhani atafika masika. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Kisha nikafanya alichonifundisha. Tulikaa tumemzunguka, mikono mapajani, tunaitazama saa. Arisaka alinitazama juu ya barakoa akauliza, "Mkuu, hapa tunamficha nani? Huyu ndiye aliyetufundisha kuficha." Nilimwamuru atoke. Alitoka analia.

Mwalimu alipofumbua macho alitazama saa. Akatabasamu. Akasema, "Mmefanya kazi ndefu."

Mama, nimewaambia watu mamia kwamba wana kidonda na nikala chakula changu vizuri. Hili halishuki. Niruhusu nimwambie.

Nagumo

*

Kamisawa
2 Desemba 1989

Mwanangu,

Hapana.

Tumerudi nyumbani salama. Mzee ana furaha kuliko alivyokuwa kabla ya kwenda. Huko wodini alimaliza bakuli zima la uji tangu siku ya kwanza mlipomruhusu, wauguzi wakampigia makofi, na hapa anaendelea hivyo hivyo. Matunda ya kaki tumeyamenya na kuyatundika chini ya paa yakauke. Juzi ameagiza miche ya matufaha, ile inayochukua miaka kuzaa, ije theluji ikiyeyuka. Amezunguka shamba na fimbo yake, anachomeka vijiti pale atakapoipanda. Nilisimama mlangoni nimeshika kopo la chai. Kila kijiti alichochomeka nilikisikia hapa kifuani.

Na wewe unataka kumnyang'anya hicho?

Historia amekwama nayo. Anakaa mezani, miguu ikiota moto wa jiko lililo chini ya meza, anaandika ukurasa wa Igarashi kisha anauchana. Nikimuuliza, anasema wino mbaya.

Nakuheshimu kama mtoto niliyemzaa. Lakini ukimwambia, usikanyage tena mlangoni kwangu.

Fumi

*

Hospitali ya Kitamori
10 Desemba 1989

Mwalimu wangu, shikamoo.

Si kidonda. Ni saratani ya tumbo, imeingia kwenye ini. Nilifungua, sikuweza kukata chochote, nikafunga. Ile saa ilisema uongo, na aliyeituma kusema ni mimi.

Mama hakuniruhusu kuandika haya. Aliniomba, kisha akanikataza. Kosa ni langu, yeye hana lake. Kwa siku kadhaa nimepita chini ya picha zenu tatu ukumbini nikishindwa kuinua uso. Kama umeamua kwamba mimi sistahili kukaa kwenye kiti chako, niandikie, nitakiacha.

Mwanafunzi wako,
Nagumo Shunpei

*

Kamisawa
13 Desemba 1989

Nagumo,

Barua yako nakurudishia humu humu ndani ya bahasha. Saratani haitumwi kwa posta.

Ulidhani sijui? Mtoto we! "Kidonda sugu, cha aina inayohitaji subira." Hayo ni maneno yangu. Niliyatunga mimi, nikakufanya uyarudie mbele ya kioo mpaka uso wako uache kutetemeka. Mwenye kidonda cha kweli hatukumpa "subira", tulimpa dawa tukamfukuza. Nilipoyasoma nilikaa kwenye ngazi za ua nikacheka, halafu kicheko kikageuka kikawa kingine. Bado nikajiambia huenda. Kisha mkanipa uji, nikamaliza bakuli. Mtu aliyekatwa tumbo humaliza bakuli, Nagumo? Vijiko vitatu vinamjaza. Wauguzi walinipigia makofi, na mimi nikawashukuru.

Lakini sicho kinachoniuma. Nisikilize.

Nilipozinduka nilitazama ile saa. Sikukusudia, macho yalikwenda yenyewe. Kisha nikauona uso wako juu yangu, umeganda, unasubiri kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani. Nikakuonea huruma. Nikasema, "Mmefanya kazi ndefu." Maneno yametoka kinywani ndipo nikayasikia ni ya nani.

Hila ya saa aliibuni Igarashi. Aliifundisha yeye, kwa kidole chake, akituonyesha ukutani. Mtu huyo angedanganywaje na saa yake mwenyewe? Na mimi, kwa miaka ishirini na minane, nimesimulia kwenye kila karamu ya idara jinsi nilivyomlaza mwalimu wangu kwa amani. Aliyelazwa ni mimi. Alilala pale miezi ile yote anajua, na kila asubuhi niliingia na kundi langu nikasimama miguuni pake nikamwambia kidonda kinaendelea vizuri, naye akaniitikia ili nisiaibike. Alikufa peke yake chumba kimejaa watu. Huo ndio ukurasa ninaouchana.

Sasa tazama nyumba yangu. Fumi anafungulia maji bafuni akidhani mimi kiziwi. Mimi nakwenda banda la matufaha najifanya nakagua masanduku. Jioni tunakutana mezani, macho mekundu yote manne, tunazungumzia bei ya makaa. Miche niliiagiza ili aone nina matumaini, asiogope. Ameogopa zaidi. Tumeoana kabla wewe hujajua kusoma, na hatujawahi kuwa mbali hivi, hata nilipokuwa vitani.

Kiti cha idara kikalie wewe, usinichoshe na habari za kukiacha. Namjua Fumi, bila shaka amekukataza na mlango. Mlango huo ni wangu pia. Panda treni Jumapili. Lete keki za maharagwe, za duka lililo mbele ya stesheni. Muite Fumi akae. Kisha uniambie mbele yake, kwa mdomo, neno lenyewe, nami nitamwambia kwamba nilijua. Na usinisimamie miguuni kama tufanyavyo kwenye mzunguko wa wodi. Vuta kiti, ukae, magoti yako yafike kwenye magoti yangu. Hilo sikukufundisha kwa sababu sikulijua.

Nina hofu, Nagumo. Nimeliandika neno hilo ili uone kwamba linaandikika.

Kuramochi

*

Kamisawa
9 Mei 1990

Mwanangu Nagumo,

Wageni wa msiba wameondoka, nyumba imebaki na harufu ya ubani. Nimeona nikuandikie kabla sijalala usingizi ambao watu wote wananiambia nikalale.

Ile Jumapili ya Desemba sikukukaribisha. Ulisimama mlangoni na keki zako, theluji mabegani, nami nilikuangalia kama mwizi. Uliposema lile neno nilitaka kukupiga kwa kopo la chai. Ndipo mzee akaniambia, "Fumi, nimejua tangu Oktoba. Maji ya bafuni yanagharimu pesa." Nilicheka! Mbele ya daktari, siku kama ile, nilicheka mpaka nikashika meza. Hukukaa muda mrefu, ukafanya vizuri. Ulipoondoka tulikaa tu. Chai ikapoa, wala hakuna aliyeimwaga.

Sitakwambia ulikuwa wakati mzuri. Aliogopa, na akiogopa alikuwa mkali, akinigombeza hata kwa chumvi. Kuna siku alilia kwa sauti, mimi nikiwa nimemshika kichwa, na nikafikiri, hiki ndicho nilichotaka kumwepusha. Lakini tulikuwa wawili. Alinifundisha kupunguza matawi ya matufaha, mimi juu ya ngazi, yeye chini amejifunika mablanketi, ananizomea. "Hilo! Hapana, hilo! Unakata tawi au unalinyoa?" Aliniambia kwamba figili zangu za chumvi hakuwahi kuzipenda tangu siku ya kwanza. Nilimwuliza mbona alizila miaka yote hiyo. Akasema alidhani mimi ndiye nizipendaye. Na mimi ninazichukia, Nagumo. Nilikuwa nampikia yeye.

Miche ilikuja mwezi wa nne. Niliipanda mimi kwenye vijiti vyake.

Ukurasa wa Igarashi aliumaliza kabla hatujamleta kwako mara ya mwisho. Upo kwenye bahasha hii. Ni mfupi. Ameandika kwamba mkuu wa pili alijua, kwamba mkuu wa tatu hakujua kwamba alijua, na kwamba vijana wakiusoma wasicheke.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikae kuandika.

Alipokuambia kitandani kwamba akifa asitolewe kwa mlango wa dobi, nilidhani ni homa. "Nitoke mbele, mchana, watu wanione," alisema. Sikuamini kama ungekubali, wala kama wakubwa wa hospitali wangekuruhusu. Asubuhi ile nilitembea nyuma ya kitanda chake chenye magurudumu nikisubiri tukunje kushoto, kuelekea nyuma. Hatukukunja. Tulinyoosha moja kwa moja hadi ukumbi mkubwa, pale wagonjwa wanapokaa kusubiri majina yao. Mstari wenu ulikuwa umepangwa hapo, madaktari na wauguzi wote wameinama, Arisaka wa mwisho karibu na mlango. Na wagonjwa, waliokuwa wamekaa na ndala zao na kanzu zao za kulalia, wakaona. Kwanza waligeuza nyuso. Kisha bibi mmoja akasimama, na wengine wakasimama.

Nilikuwa nimeshaingia garini, mlango haujafungwa, nikasikia sauti ya mgonjwa mmoja mzee nyuma yangu. Aliuliza kwa nguvu, ukumbi mzima ukasikia: "Daktari mkuu! Na mimi, changu ni kidonda kweli?"

Nikageuka. Alikuwa mtu mwembamba aliyeshikilia nguzo ya chupa yake ya dripu. Wewe ulikuwa bado umeinama. Uliinua kichwa, ukamtazama, na dereva akafunga mlango.

Njia nzima nilikuwa na mume wangu pembeni yangu, na bado nilimfikiria yule mzee. Ulimjibu nini? Niandikie. Hata kama ulimdanganya, niandikie.

Fumi

*

Hospitali ya Kitamori
14 Mei 1990

Mama,

Anaitwa Bwana Tokunaga. Ni fundi wa mikeka ya sakafu, mjane, na jamaa yake wa karibu ni binti aliye Osaka. Binti huyo tulikuwa tumemwambia ukweli wiki mbili nyuma. Bwana mwenyewe tulimwambia ana kidonda sugu. Aliyemwambia ni mimi.

Gari lenu lilipokata kona, mstari wetu ulikuwa haujavunjika. Wote walikuwa wananitazama, madaktari na wagonjwa. Sikuwa na ujasiri, Mama, nisikudanganye. Nilimwambia, "Bwana Tokunaga, unataka kujua?" Akasema, "Sijui. Lakini huyo mliyemtoa amenifanya niulize." Nikamwambia twende chumbani kwako. Arisaka akamsukumia nguzo ya dripu.

Chumbani alipanda kitandani, akavuta blanketi mpaka kiunoni, akalinyoosha vizuri kwa viganja kama anavyonyoosha mikeka yake. Kundi zima lilikuwa limenifuata kwa mazoea, limejipanga miguuni pake. Niliwaambia watoke. Alibaki Arisaka mlangoni.

Nikavuta kiti, nikakaa.

Nagumo Shunpei